Sihiri, Pigo na Nasibu: Kueleza kwa Kiswahili Hesabu za Madhara Yabadilikayo katika Michezo ya Uhusika

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali na kazi za idara ya lugha. Jambo lenyewe ni namna madhara ya sihiri yanavyokadiriwa kwa tarakimu katika ile michezo ya mtandaoni ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika wa kubuni, akapigana na maadui na kupanda daraja hatua kwa hatua. Katika michezo hiyo sihiri moja haina pigo moja. Leo itampunguzia adui uhai kwa 15, kesho kwa 21, ijapokuwa mtendaji ni yule yule na adui ni yule yule. Mabadiliko hayo si ya ovyo. Yana kanuni, na kanuni hizo zaweza kuelezwa.

Sababu za kulileta jambo hili mbele ya wasomaji wa jarida hili ni mbili. Ya kwanza ni ya istilahi. Mara nyingi tumedai kwamba Kiswahili chaweza kubeba maarifa yoyote yale, lakini dai hilo huthibitishwa kwa kubeba, si kwa kudai. Ya pili ni ya kijamii. Vijana wa mitaa ya Mashariki mwa Nairobi, ambayo kila mtu huiita Eastlands, hukutana na hesabu za nasibu mapema sana maishani: kwenye ludo, kwenye vibanda vya gemu, kwenye simu zao, na kwa bahati mbaya kwenye kamari pia. Darasani hesabu hizo huwajia kwa Kiingereza. Mtaani huwajia bila maelezo yoyote. Kati ya mahali hapo pawili pana pengo, na pengo hilo, kama nitakavyojaribu kuonyesha, lina gharama.

2. Eastlands kama mahali pa lugha

Hapana haja ya kurefusha historia inayojulikana. Mitaa hii ilijengwa kwa awamu: Pumwani katika miaka ya 1920, Kaloleni katika miaka ya 1940, kisha Jericho na jirani zake, na baadaye Buruburu, Umoja na Dandora katika miaka ya 1970. Wafanyakazi waliotoka pande zote za Kenya walikaa ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikawa lugha ya bombani, ya kituo cha basi na ya uwanja wa mpira. Wataalamu wengi hukubaliana kwamba Sheng nayo ilichipukia huku. Makala ya Abdulaziz na Osinde ya 1997, na kitabu cha Githiora cha 2018, ni miongoni mwa kazi zilizoichunguza lugha hiyo kwa makini.

Michezo ya mtandaoni ilifika katika mazingira hayo kwa njia ya saiba, na baadaye kwa njia ya simu. Kabla ya 2009 mawasiliano ya Kenya na dunia yalitegemea setilaiti. Setilaiti ya mawasiliano hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ishara ikipanda na kushuka, kisha jibu nalo likapanda na kushuka, karibu nusu sekunde huwa imekwisha pita. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, ucheleweshaji huo ukapungua sana, na mchezo wa mtandaoni ukawa jambo la kawaida.

Kijana wa Kayole au wa Kariobangi anapozungumza juu ya mchezo, aghalabu huchukua shina la Kiingereza akalivika viambishi vya Kiswahili: pigo likikosa shabaha husema *amemisi*, na mchezo ukichelewa kufunguka husema *inalodi*. Sina ugomvi na uundaji huo. Sarufi yake ni ya Kiswahili kitupu. Lakini lugha ya aina hiyo hutaja jambo tu, haielezi. Anayesema *amemisi* ametupa tukio. Hajatupa uwezekano wa tukio hilo, wala sababu yake. Kazi ya kueleza yahitaji msamiati wa daraja nyingine.

3. Suala la istilahi

Tuanze na jina la michezo yenyewe. Tafsiri inayomjia mtu haraka ni *michezo ya kuigiza*. Lakini kila mwalimu wa fasihi ajua kwamba maneno hayo yamekwisha pata kazi: hutaja tamthilia inayochezwa jukwaani. Napendekeza *michezo ya uhusika*. Dhana ya mhusika tunayo tangu zamani katika uhakiki wetu, na hapa yafaa barabara, kwani tofauti ya pekee ni kwamba msomaji ndiye aliyeshika hatamu za mhusika.

Pili ni nguvu zenyewe. Kiswahili kina maneno mengi katika uwanja huu, na hayalingani uzito. *Uchawi* na *ulozi* hubeba hukumu: mchawi ni mtu mwovu, adui wa jamii, na katika Kenya iko hata sheria ya uchawi tangu 1925. *Uganga* huelekea tiba. *Kago* na *zindiko* ni ulinzi. *Mazingaombwe* ni kiini macho, jambo lisilo na athari ya kweli. Mzazi wa Makadara akiambiwa kwamba mwanawe ashinda akijifunza uchawi, ana haki ya kushtuka. Ila kinachofanyika mbele ya kiwambo ni kuchagua silaha yenye rangi ya moto badala ya yenye umbo la upanga. Kwa hiyo nimechagua *sihiri*. Nalo lina asili ya kidini na halikukosa lawama, lakini katika ngano na tenzi zetu limezoea kusimuliwa bila ya kumtia hatiani msimulizi.

Tatu ni kile ambacho sihiri hufanya. *Pigo* ni tukio moja lenye kuhesabika: la kwanza, la pili, la tatu. *Madhara* ni kiasi kinachotokana na tukio hilo. *Jeraha* ni alama inayobaki mwilini, nayo haifai, kwani mhusika wa mchezo hupigana kwa nguvu zile zile hata akibakiwa na uhai wa 1. Tutasema basi kwamba *pigo moja lilileta madhara ya 17*, na kwamba adui mwenye *uhai* wa 60 amebakiwa na 43. Tukichanganya maneno haya mawili, tutakwama mara tu tutakapotaka kuuliza swali la msingi: ni mapigo mangapi yatakayohitajika?

Nne ni mipaka ya madhara. Hapa lugha yetu yatudai uangalifu. Tukisema madhara ni *kati ya 14 na 22*, je, 14 yenyewe imo? Kwa maana finyu ya neno *kati*, haimo, kama vile nyumba iliyo kati ya mibuyu miwili haimo ndani ya mbuyu wowote. Hapo tutapata namba 7 tu, yaani 15 mpaka 21. Tukisema *kuanzia 14 hadi 22*, miisho yote miwili imo, nazo ni namba 9. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana kila hesabu itakayofuata itagawanywa kwa idadi hiyo. Katika makala haya *kuanzia... hadi* hujumuisha miisho yote miwili.

4. Dadu na kompyuta

Asili ya utaratibu huu ni dadu. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa nchini Marekani mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, na michezo mingi ya uhusika ya kompyuta ni wajukuu zake. Katika mchezo huo wa kwanza, tufe la moto lilirushiwa dadu nyingi kadiri ya daraja la mrushaji: wa daraja la 6 alirusha dadu 6 na kujumlisha. Katika toleo la 2014, tufe hilo hurushiwa dadu 8, na anayefaulu kulikwepa hupata nusu tu ya madhara.

Mtu aliyecheza ludo atafahamu mara moja tofauti kati ya dadu moja na dadu mbili. Dadu moja haina upendeleo: 1 na 6 zina haki sawa ya kutokea. Dadu mbili zikijumlishwa zina upendeleo mkubwa. Kuna namna 36 za kuanguka kwake. Jumla ya 7 hupatikana kwa namna 6; jumla ya 12 hupatikana kwa namna moja tu. Kwa hiyo, kadiri dadu zinavyoongezeka, ndivyo matokeo yanavyojikusanya katikati na kuikimbia miisho. Tufe la dadu 8 laweza kuleta madhara kuanzia 8 hadi 48, na wastani wake ni 28; lakini 48 yenyewe hutokea mara moja tu katika 1,679,616, ambapo takriban theluthi mbili ya mapigo yote huanguka kuanzia 24 hadi 32. Mchezaji anayeisoma ile 48 na kuitumainia amesoma mpaka, hakusoma mtawanyiko.

Tupate basi istilahi tatu. *Upeo wa madhara* ni umbali kutoka kiwango cha chini hadi cha juu. *Wastani* ni kile ambacho pigo moja hukaribia kuleta iwapo mapigo yatarudiwa mara nyingi. *Mtawanyiko* ni jinsi matokeo yanavyojigawa ndani ya upeo: sawasawa kama dadu moja, au kwa kujikusanya katikati kama dadu nyingi. Sihiri mbili zaweza kuwa na upeo mmoja na wastani mmoja, zikatofautiana kwa mtawanyiko peke yake.

Kompyuta haina dadu. Hutengeneza namba zinazofanana na za nasibu kwa njia ya hesabu isiyo na nasibu hata kidogo. Tuchukue mfano mdogo. Anza na 7. Zidisha kwa 5, ongeza 3, gawanya kwa 16, kisha chukua baki. Utapata 6. Rudia: utapata 1, halafu 8, halafu 11, halafu 10. Asiyeijua kanuni ataona namba zinarukaruka. Aijuaye aweza kutabiri inayofuata. Michezo halisi hutumia kanuni ndefu zaidi na namba kubwa mno, lakini wazo ni hilo. Namba ikisha patikana, huletwa katika upeo unaotakiwa: ikiwa madhara ni kuanzia 14 hadi 22, namba hugawanywa kwa 9, baki, ambalo ni 0 hadi 8, huongezwa kwenye 14. Namba 1,000 kwa mfano huacha baki la 1, na madhara huwa 15.

Katika mchezo wa mtandaoni hesabu hii hufanywa kwenye seva ya mwenye mchezo, wala haifanywi kwenye simu ya mchezaji, kwani mtu asingeaminiwa kujirushia dadu mwenyewe chumbani akatangaza matokeo. Yafuata kwamba mtandao mbovu waweza kukuchelewesha usipige kwa wakati, lakini haukupunguzii madhara ya pigo lililokwisha fika.

5. Moto na baridi: mfano mmoja

Sasa tuzame katika mfano. Mchezo wa World of Warcraft ulitolewa Novemba 2004. Katika umbo lake la mwanzo, tufe la moto la daraja la kwanza lilileta madhara kuanzia 14 hadi 22, na mshale wa baridi wa daraja la kwanza ulileta kuanzia 18 hadi 20. Moto uliongeza madhara kidogo ya kuunguza baadaye, na baridi ilimpunguzia adui mwendo. Hayo tuyaweke kando ili tuione hesabu tupu, na tuchukue kwamba kila namba ndani ya upeo ina haki sawa ya kutokea.

Wastani wa moto ni 18. Wastani wa baridi ni 19. Mtu angesema upesi kwamba baridi ni bora. Tuseme vijana wawili wamekaa katika kibanda cha gemu, mmoja ana moto na mwingine ana baridi, na kila mmoja anakabili adui mwenye uhai wa 60. Nani atamwangusha adui wake kwa mapigo matatu?

Mwenye baridi ana njia moja tu: mapigo yote matatu yawe 20. Kila pigo lina namna 3, kwa hiyo mapigo matatu yana namna 27, na ni moja tu kati ya hizo inayofaa. Hiyo ni chini ya asilimia 4. Mwenye moto ana namna 9 katika kila pigo, yaani namna 729 kwa mapigo matatu. Ukizihesabu moja moja, utaona kwamba 84 kati yake hufikia 60 au zaidi. Hiyo ni zaidi ya asilimia 11. Kumbe sihiri yenye wastani mdogo ina nafasi mara tatu hivi ya kumaliza mapema.

Tugeuze swali: nani atakosa kumaliza kwa mapigo manne? Mwenye baridi hakosi kamwe, kwani hata mapigo yake yakiwa ya chini kabisa, 18 mara 4 ni 72. Mwenye moto aweza kukosa: akipata mapigo dhaifu, 14 mara 4 ni 56 tu. Jambo hilo ni adimu, namna 35 katika 6,561, lakini lipo. Baridi ni ya haba na haba hujaza kibaba. Moto ni wa anayehitaji muujiza na yuko tayari kuulipia.

Hapa ndipo ulipo moyo wa somo. Upana wa upeo si wema wala ubaya wenyewe kwa wenyewe. Humfaa yule ambaye, akicheza kwa wastani, atashindwa. Humdhuru yule ambaye, akicheza kwa wastani, atashinda. Mwenye nguvu hupenda uthabiti. Mnyonge hupenda mtawanyiko. Jambo hili laonekana nje ya michezo pia, na tutalirudia.

Yafaa kuongeza kwamba katika baadhi ya michezo nasibu huulizwa mara mbili. Katika RuneScape, mchezo ulioanzishwa mwaka 2001, huulizwa kwanza iwapo pigo limepata au limekosa. Likipata, ndipo huulizwa kiasi. Kwa miaka mingi sihiri ya moto ya daraja la chini ilikuwa na kilele cha 8, na pigo lililopata liliweza kuleta namba yoyote kuanzia 0 hadi 8, wastani 4. Ikiwa uwezekano wa kupata ni asilimia 75, wastani wa kweli kwa kila jaribio ni 3. Mchezaji aliyeangalia 8 peke yake alijidanganya kwa zaidi ya nusu.

6. Kinga, nyongeza na utata wa maneno

Fasihi yetu inamfahamu shujaa asiyedhurika. Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa aliandika utenzi wake mwaka 1913, hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Luanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, ila kivuli chake kilikuwa na uhai wa kuchomwa. Kwa lugha ya michezo, hawa walikuwa na kinga ya asilimia 100 dhidi ya madhara ya kila aina isipokuwa aina moja. Michezo ya uhusika imelichukua wazo hili na kulipimapima: badala ya kinga kamili, adui hupewa kinga ya robo dhidi ya moto, nusu dhidi ya baridi, na udhaifu dhidi ya radi.

Kinga hufanya kazi kwa njia mbili, nazo ni lazima zitenganishwe. Kinga ya *kugawa* huchukua sehemu: nusu ya 14 hadi 22 ni 7 hadi 11. Kinga ya *kutoa* huondoa kiasi maalumu: ukitoa 9, 14 hadi 22 huwa 5 hadi 13. Wastani wa zote mbili ni 9. Lakini ya kwanza imeubana upeo kwa nusu, na ya pili imeuacha ulivyokuwa. Hali kadhalika nyongeza. Mhusika akivaa pete inayoongeza 10, madhara huwa 24 hadi 32: upeo ni ule ule, ila sasa wastani ni 28, na kuyumba kwake hakusikiki sana. Akivaa pete inayozidisha mara mbili, madhara huwa 28 hadi 44, na kuyumba kunazidi sambamba na nguvu. Ndiyo maana wahusika wachanga huonekana kuwa watu wa bahati, na wahusika wakongwe, waliojaa nyongeza za kujumlisha, huonekana kuwa watu wa ustadi.

Liko pia *pigo zito*. Katika World of Warcraft ya mwanzo, pigo zito la sihiri lilikuwa na madhara ya asilimia 150. Ikiwa uwezekano wake ni asilimia 5, wastani wa tufe letu la moto hupanda kutoka 18 hadi 18.45 tu. Mchezaji hulikumbuka pigo zito kwa juma zima; hesabu hulikumbuka kwa sehemu ndogo.

Hapa Kiswahili chatutega mara mbili. Mtego wa kwanza ni *mara mbili zaidi*. Ikiwa madhara ya kawaida ni 10, je, mara mbili zaidi ni 20 au 30? Wasemaji hutumia maneno hayo kwa maana zote mbili. Napendekeza tuseme *mara mbili ya* kwa 20, na tuliache neno *zaidi* lifanye kazi pamoja na kiasi kinachoongezwa tu: *zaidi kwa 20*. Mtego wa pili ni asilimia juu ya asilimia. Kinga ya asilimia 10 ikiongezeka kwa asilimia 5, je, imekuwa 15 au 10.5? Katika kesi ya kwanza yafaa tuseme *imeongezeka kwa nukta 5 za asilimia*. Mitego hii haimo katika Kiswahili pekee, lakini wajibu wa kuitegua katika Kiswahili ni wetu.

7. Bahati yenye mwenyewe na nasibu isiyo na mwenyewe

Lugha yetu ina maneno mawili yanayochukuliwa kuwa visawe, nayo si visawe kamili. *Bahati* ina mwenyewe: twasema bahati yangu, bahati yake, mtu wa bahati, bahati mbaya imemwandama. *Nasibu* haina mwenyewe. Hakuna asemaye nasibu yangu imenigeuka. Nadhani tofauti hii ni hazina kwa mwalimu. Kanuni ya kompyuta ni nasibu: haimjui mchezaji, haikumbuki pigo lililopita, haina deni. Mchezaji huiishi kama bahati.

Kosa kubwa la wachezaji hutokana na kuigeuza nasibu kuwa bahati. Mtu aliyekosa mara nne husema ya tano lazima ipate, kana kwamba zamu yake imefika. Katika mtawanyiko wa kawaida hakuna zamu. Pigo la tano lina uwezekano ule ule wa la kwanza. Hata hivyo, yapasa kukiri kwamba watungaji wa baadhi ya michezo wameijua imani hiyo na wakaamua kuitimiza. Katika Warcraft III ya 2002, na baadaye katika Dota 2, baadhi ya mapigo mazito hupewa uwezekano unaoanza chini na kupanda kila yanapokosekana. Pigo linalotangazwa kuwa la asilimia 25 huanza kwa takriban asilimia 8.5, hupanda kila mara, na hurudi chini likisha tokea. Hapo kweli iko zamu. Kijana aliyelelewa na mchezo wa namna hiyo amefundishwa imani ambayo kwingineko itamgharimu.

Na kwingineko si mbali. Katika miaka ya 2010 mashine za kamari za kutumbukiza sarafu zilienea katika vibanda vya mitaa mingi ya Nairobi, na kamari ya kubashiri michezo ikaingia katika simu. Kwa nje, mashine na sihiri vinafanana: taa, mlio, namba inayobadilika. Kwa ndani vinatofautiana kwa mambo mawili. Kwanza, sihiri hutangaza upeo wake. Mchezaji anajua ni 14 hadi 22. Mashine ile haikumwambia mtoto lolote. Pili, kila pigo la sihiri humpeleka mchezaji mbele, hata likiwa dhaifu. Mashine hutungwa ili wastani wa kinachorudi uwe chini ya kilichoingia. Tuseme sarafu ni ya shilingi 20 na wastani wa kinachorudi ni shilingi 17: kwa kila sarafu kijana hulipa shilingi 3 kwa ajili ya mtawanyiko. Anaweza kuondoka na 500 leo. Akirudi kila siku kwa mwaka, hesabu itamfikia.

Tulisema kwamba mnyonge hupenda mtawanyiko. Ndiyo sababu kamari hustawi mahali ambapo mshahara wa wastani hautoshi kodi ya nyumba. Si upumbavu unaompeleka kijana kwenye mashine; ni hesabu nusu. Ameuona upeo wa juu, na kwa hali yake upeo wa juu tu ndio wenye maana. Nusu iliyobaki, yaani wastani, hakuna aliyemwonyesha kwa lugha ambayo aweza kubishana nayo.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba hesabu za madhara yabadilikayo zaweza kuelezwa kwa Kiswahili sanifu kwa maneno tuliyo nayo tayari: pigo na madhara, upeo, wastani na mtawanyiko, kinga ya kugawa na kinga ya kutoa, bahati na nasibu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji kubuniwa kutoka hewani, kama ilivyokuwa kwa *tarakilishi*, ambalo bado linashindana na *kompyuta*. Kilichohitajika ni kuyapangia maneno ya kale kazi zake na kuyazuia yasiingiliane.

Katika Tanzania shule za msingi za serikali zimefundisha hisabati kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kenya imekifanya Kiswahili somo la lazima la kutahiniwa tangu 1985, na Katiba ya 2010 imekipa hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini uwezekano na wastani bado ni mambo ya kipindi cha Kiingereza. Sidai kwamba makala moja itabadilisha mtaala. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba mwalimu wa Kiswahili wa shule ya Dandora, akitafuta kifungu cha ufahamu kwa darasa lake, aweza kuwapa wanafunzi mfano wa moto na baridi, akawaachia wahesabu zile namna 84 kwa vidole na karatasi. Watakaoishia katikati watakuwa wamejifunza msamiati. Watakaofika mwisho watakuwa wamejifunza kuiuliza mashine yoyote ile, kabla ya kutumbukiza sarafu, wastani wake ni upi.